Siku Zilizonakiliwa

Jumatatu, 3 Machi

Karani,

Nani amekwambia mimi ni mfungwa, kwamba kila jioni niitwe kwa kengele nikajitaje? Jana nimeinama kumvua Babu yako viatu, kile kibao ulichonipa, hiki kisimu kipana, kikalia juu ya kabati. Nikaacha kiatu kimoja mguuni mwake nikakimbilia kabati nikidhani kuna msiba. Nasoma: "Bibi, hujaandika leo." Hata kama sijaandika, kibao ni nani wa kuniuliza? Babu yako mwenyewe, miaka yote ya ndoa yetu, hakuthubutu kuniuliza nilikuwa wapi.

Sijasahau tulivyopatana. Babu yako alipotoka hospitali na kile kiharusi, mkono na mguu wa kulia vizito kama gogo, maneno yamemvurugikia kinywani, Mjomba wako alisimama hapa sebuleni na kofia yake ya ujenzi mkononi akasema, "Tutaangalia, Mama. Tukiona hali ni ngumu, nitamchukua Mzee." Nitamchukua. Kama kabati la kuhamishwa. Ndipo wewe ukaingilia na daftari lako la kwenye kibao: Bibi ataandika kila siku Babu kala nini, kalala vipi, katembea au hakutembea. Mjomba atasoma akiwa huko anakosimamia barabara zake, wewe utasoma ukiwa maktaba kazini kwako, na mwisho wa mwezi wa tatu tutakaa tuamue kama anabaki kwangu au anakwenda kwa mwanaye. Nikakubali kwa kuwa nilikuona uko upande wangu. Sikujua nimekubali kuolewa na kibao.

Sasa unaniletea maneno: "Bibi, ongeza maelezo kidogo." Maelezo gani? Amekula. Amecheka. Amecheza drafti na Kinyozi barazani. Mzee wa umri wake akila, akicheka na akimfunga Kinyozi drafti, unataka nini tena, agombee ubunge?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye kibao kila mtu anachungulia. Na wewe ukitaka kunijibu, jibu kwa karatasi. Barua hii anakuletea Kinyozi. Anakuja huko kwenu Jumatano kumwona binti yake aliyejifungua, nami nimempa na ile sweta yako uliyoisahau. Usimcheleweshe, ana wateja.

Mwandiko usiuulize. Kalamu ni mbovu.

Babu yako hajambo. Hali yetu ni nzuri. Andika hivyo huko unakoandikaga mambo yako.

Bibi yako


Jumamosi, 8 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo.

Barua na sweta nimepata. Kinyozi alifika maktaba Jumatano mchana. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni, anasoma kitabu cha wanyama na kucheka peke yake. Jioni tukanywa chai kwa binti yake. Amekaa huku mpaka jana.

Kengele ya kibao nimeizima nikiwa huku huku. Nisamehe, sikuiweka kwa ubaya.

Bibi, wewe ndiye uliyenipa jina la Karani, kwa sababu tangu mdogo nilikuwa naandika hata majina ya kuku. Ngoja nikwambie kwa nini. Mimi siwezi kufikiri nikiwa nimekaa tu. Wazo likinijia ni kama maji kwenye kikapu. Nikiliandika linatulia, naliona, naweza kulizunguka. Kwenye simu yangu naandika kipande kidogo kidogo, jambo moja hapa, jambo moja pale, halafu naviunganisha, hiki na kile. Siku nyingine vipande vinaanza kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, vinaniambia kitu ambacho sikukijua wakati naviandika. Ndiyo maana nilitaka daftari la Babu. Sikutaka kukuchunga. Nilitaka tuwe na kitu cha kufikiria, badala ya kubishana sebuleni huku kila mtu ameshika hofu yake. Si Babu mwenyewe alikuwa akisema mali bila daftari hupotea bila habari?

Sasa nina jambo nataka kukuuliza taratibu. Jumatano jioni uliandika: "Amekula vizuri. Amecheka. Amecheza drafti na Kinyozi barazani." Alhamisi ukaandika hivyo hivyo. Na siku hizo zote mbili Kinyozi alikuwa huku, ninaye mbele yangu.

Nikarudi nyuma kurasa. Tangu tarehe ishirini ya mwezi wa pili maneno ni yale yale, na ile nukta moja uliyoiweka kabla ya neno badala ya baada imebaki pale pale kila siku. Mjomba hajagundua. Yeye anasoma akiwa amesimama kwenye vumbi, akiona "amekula" anatia simu mfukoni.

Sikushtaki, Bibi. Nauliza tu: siku zenyewe zikoje?

Mjukuu wako,
Karani


Jumatano, 12 Machi

Karani,

Marahaba, ingawa huistahili.

Nimekulea tangu mama yako alipotutoka, nimekuogesha, nimekuchomoa mwiba kwenye kisigino ukipiga kelele mtaa mzima, leo unanihesabia nukta? Nami mjinga nikamtuma Kinyozi akupelekee sweta. Kumbe najipelekea shahidi.

Ndiyo, nimenakili. Na nani alinifundisha? Si wewe uliyekaa hapa kwenye kiti cha Babu yako ukaniambia, "Bibi, ukibonyeza hapa ukashikilia, maneno yanageuka buluu, ukibonyeza pale yanahamia ukurasa wa kesho." Nikasema kweli wasomi wana akili, kumbe siku inafuliwa mara moja ikavaliwa wiki nzima. Mimi nimekuwa dobi tangu sijaolewa. Shati moja nikilipiga pasi vizuri, mwenyewe akilivaa tena kesho, nani atajua? Mpaka aje mtu wa kunusa kwapa. Huyo ni wewe.

Na usiniletee ile methali ya mficha maradhi. Niliijua kabla mama yako hajaota meno. Hiyo nyingine uliyoileta haina kazi. Mali bila daftari hupotea, sawa, lakini Babu yako si mali.

Ungetaka niandike nini? Kwamba asubuhi anaitazama chai anaiita kioo? Kwamba juzi alinikazia macho akasema "skrubu, skrubu" mpaka machozi yakamtoka, nami nazunguka chumba kizima nainua mito, natazama chini ya kitanda, sijui anataka nini? Fundi saa aliyeshika saa za watu wote wa mtaa huu, leo anaomba kitu anachekwa na mwanafunzi wa Kinyozi. Niandike hayo, Mjomba wako ayasome, aje na gari? Atamweka kule kwake ghorofa ya nne na mtu wa kulipwa. Babu yako atasema "kioo", mtu wa kulipwa atamletea kioo.

Kwangu akisema kioo anapata chai. Hilo ndilo daftari langu, na limo kichwani, na halihitaji kuchajiwa.

Kibao nimekizima. Nimekiweka chini ya ile pasi ya zamani, ya mkaa, kisinyanyue kichwa.

Bibi yako


Jumamosi, 15 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na Mzee. Karani ameniambia kibao kina hitilafu na kwamba siku hizi unapokea karatasi tu, basi nami nimeazima kalamu ya mtunza stoo.

Mama, mimi si mtu wa maneno mengi, unanijua. Lile neno nililosema sebuleni, kwamba nitamchukua Mzee, nilitoka nalo pale likiwa chungu mdomoni. Niliuona uso wako. Nilipofika kwangu nikapima mlango wa chumba, nikapima ngazi, nikamwangalia huyo kijana niliyetaka kumwajiri anavyokunywa chai bila kuuliza kama mwenzake naye amepata. Nikaona haiwezekani. Mzee kwangu bila wewe atakuwa kama saa isiyo na wa kuitia ufunguo. Nikaamua kimya kimya: hali ikiwa ngumu, nitakuja mimi. Niliomba likizo ndefu kazini. Nilikuwa nimepanga nilale chumba cha nyuma, nimwinue na kumwogesha mwenyewe, wewe upumzike mgongo. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungenifukuza kabla sijafika.

Lakini nimesoma daftari kila siku. Amekula, amecheka, amemfunga Kinyozi drafti. Hata vijana wangu hapa wanajua, nikifungua simu wananiuliza, "Mzee kashinda leo?" Nimemshukuru Mungu. Nimeona umewezana na kazi kama kawaida yako, na mimi nilikuwa najipa umuhimu bure. Likizo nimeifuta. Kampuni imenipa barabara ya mpakani, kazi ya mwaka mzima. Naondoka tarehe moja, mwezi ujao.

Kwa hiyo kile kikao cha mwisho wa mwezi hakina haja. Mzee anabaki kwako. Umeniondolea mzigo, Mama.

Mwanao


Jumanne, 18 Machi

Karani,

Soma hii ukiwa umekaa. Ndani nimetia barua ya Mjomba wako, isome kwanza, halafu urudi hapa.

Umesoma? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mpakani.

Sasa nakwambia, na sitarudia. Ile tarehe ishirini ya mwezi wa pili, uliyoiona wewe na jicho lako la mwewe, ndiyo siku tuliyoanguka. Bafuni. Nilimshika kiunoni kama tulivyoonyeshwa hospitali, mguu ukamkatika nguvu ghafla, tukaenda chini, mimi chini yeye juu. Tukakaa sakafuni tumeegemea ndoo, mimi nagonga ukuta, mpaka Kinyozi akafungua duka lake upande wa pili akasikia. Wakati wote huo Babu yako alikuwa ananipapasa nywele kwa ule mkono wake mzima. Mimi ndiye niliyecheka, Karani, kwa jinsi tulivyokaa, wazee wawili na ndoo. Kwa hiyo lile "amecheka" si uongo wote, ila aliyecheka ni mwingine.

Kifundo cha mkono wangu wa kulia kilivimba mpaka bangili ikakatwa. Kinyozi akanifunga kwa taulo la wateja. Jioni nikataka kuandika kwenye kibao, vidole havinikubali. Nikanakili jana yake. Kesho yake nikanakili tena. Mkono ukaanza, hofu ikaendeleza. Barua hizi zote naandika kwa kushoto, na kalamu haina kosa.

Jumatatu ya wiki iliyopita akaanguka tena, kutoka kitandani, si vibaya. Nilimvuta kwa shuka.

Jambo jingine. Kibao sikukizima. Nilikwambia nimekizima kwa sababu nilikuwa na hasira. Kinyozi aliporudi kutoka kwenu alinionyesha ile alama ya kipaza sauti: unabonyeza, unasema, chenyewe kinatunza, na ukitaka hakuna anayesikia ila wewe. Basi Babu yako akisinzia mchana, nakaa pembeni yake naongea nacho. Nasema kila kitu. Nimesema kioo, nimesema skrubu, nimesema anavyonung'unika "springi, springi imelegea," nami namjibu hakuna springi hapa mzee wangu, kazi uliiacha. Kinasikiliza vizuri kuliko nyinyi nyote, hakikatizi na hakinipi pole. Nikimaliza naona kichwa kimepoa, na jambo lililokuwa limenikaba limekaa mezani nalitazama. Nadhani ndiyo lile ulilokuwa unasema. Ila mfano wako ulikuwa mbaya. Nani anachota maji kwa kikapu?

Sauti hizo Kinyozi amebonyeza zije kwako, wewe peke yako. Zitakuwa zimefika kabla ya barua. Sikiliza, uniambie nimwambieje mwanangu. Aliacha kuja kwa sababu ya mkono wangu ulioandika "amekula". Na nikisema sasa, ataona mama yake alimwona mwizi wa baba yake mwenyewe.

Usimwambie wewe. Nitajua.

Bibi yako


Ijumaa, 21 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo.

Nimesikiliza zote. Nilikaa kwenye chumba cha vitabu vilivyochanika, mahali ambapo hakuna anayeniita, nikakusikiliza ukiongea na Babu anakoroma nyuma yako. Sitakupa pole, maana umesema hupendi. Ila hospitali lazima uende, hilo ningekwambia hata ungekuwa na fimbo mkononi.

Sasa nisikilize. Nilifanya kile ninachofanyaga. Kila neno la Babu nililipa kipande chake, pembeni nikaandika kilichotokea kabla na kilichotokea baada, kama ulivyokisema wewe. Halafu nikaviunganisha. Sikuwa natafuta kitu.

Kioo ni kikombe cha chai, hiyo ulijua. Skrubu, ile siku aliyotoa machozi: ulisema baadaye uligundua umepitiwa na saa ya dawa. Skrubu ni vidonge, Bibi. Vidogo, vya duara, vinapotea. Mshale ni kijiko. Kifuniko ni blanketi. Nilipoviona vyote vimekaa pamoja nikaona ile meza yake ya kazi. Mimi nilikulia chini ya meza ile, nikiokota vitu vidogo vilivyoanguka. Kila neno alilobaki nalo limetoka pale juu. Mimi si daktari, na daktari tutamuuliza, lakini naona maneno ya nyumbani yamemkimbia, naye anatumia yale ya kazini kuombea ya nyumbani. Ana akili zake. Ameishiwa vifaa tu.

Sasa springi. Umeitaja mara tatu. Ya kwanza ulikuwa unakumbuka asubuhi ya bafuni, ulisema alinung'unika springi wakati unamvua shati, ukadhani anaota kazi. Ya pili ni Jumatatu ile, ulisema hivyo hivyo, alinung'unika, ukaenda jikoni, akaanguka kutoka kitandani. Ya tatu alikuwa amekaa kwenye kiti, ukamwona anaushika mguu wa kulia kwa mkono wa kushoto kama anayezuia kitu kisitoroke.

Bibi, springi ni mguu. Anausikia ukilegea kabla haujakatika. Alikuwa anakuonya.

Wewe hukuona kwa sababu ulikuwa umemshika. Mtu aliyebeba mzigo haoni umekaaje kichwani. Na mimi nisingeona maisha kama ningeendelea kusoma "amecheza drafti na Kinyozi".

Lakini usidhani nimejisifu. Nina kipande kimoja kinaitwa "Kwenda kumwona Babu". Nilikiandika mwezi wa pili. Nimekiunganisha na nauli, na saa za basi, na maswali ya kumuuliza daktari, nimekipa lebo ya kijani. Kila nikikifungua nakiongezea kitu, nakifunga, na moyo unatulia kama mtu aliyekwisha kwenda. Sijaja hata mara moja tangu siku ile tulipopatana sebuleni. Wewe umenakili siku. Mimi nimenakili safari.

Kuhusu Mjomba: umeniuliza umwambieje. Usitafute maneno ya kumwambia. Pale pale alipokuwa anasoma siku za uongo, andika siku moja ya kweli. Moja tu. Atajua kusoma.

Anaondoka tarehe moja, Bibi.

Mjukuu wako,
Karani


Alhamisi, 27 Machi

Karani,

Mwandiko huu ni wa Kinyozi. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asiongeze chumvi. Mkono wangu umetiwa plasta mpaka kiwiko. Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa muda mrefu, akaniuliza nilikuwa nasubiri nini. Nikamwambia nilikuwa nasubiri yeye amalize shule. (Ni kweli alisema hivyo, nilikuwepo. Kinyozi.)

Nimekwambia usiongeze.

Barua yako ilipofika sikuamini. Nikasema huyu mtoto kasoma vitabu vingi, anaona meza ya kazi hata kwenye mawingu. Lakini Jumatatu asubuhi nimemkalisha kitandani tayari kumwinua, akasema "springi". Zamani ningemwambia twende. Nikamwacha amekaa. Nikamshika goti. Karani, mguu ulianza kutetemeka chini ya kiganja changu kama cherehani, ukatetemeka, ukalegea, ukatulia. Tungekuwa tumesimama, tungekwenda chini. Nikamwambia, "Nimekusikia. Springi." Akavuta pumzi ndefu, akaegemeza kichwa begani kwangu, mzito kama alivyo. Sijui ni tangu lini alikuwa anangoja mtu amsikie.

Basi siku ile ile nikakitoa kibao. Sikusema kwenye kile cha siri, nilikwenda kwenye daftari la wote. Niliandika kidole kimoja kimoja, wa kushoto, kutoka adhuhuri mpaka chai ya jioni. Wewe umeshasoma, lakini nataka Kinyozi aliandike hapa lipate kukaa kwenye karatasi:

"Leo Babu hakucheza drafti. Hajacheza tangu augue, vidole havishiki. Amekula nusu. Alitaka kulia akalia. Mkono wangu umevunjika tangu mwezi wa pili tulipoanguka bafuni. Siku zote nilizoandika hapa ni siku moja. Niliogopa utamchukua. Mama."

(Nilipolisoma nilimnyoa mteja nusu nikamwacha. Kinyozi.)

Mwandikie hiyo pia, haina neno.

Mjomba wako hakupiga simu. Kesho yake nikasikia gari. Nikasema ndiyo haya, nikakaa kitandani kando ya Babu yako nikamshika. Akaingia. Hakuamkia. Akauangalia mkono wangu, wakati huo bado una taulo, akatoka nje akasimama ametupa mgongo, namwona kwa dirishani. Aliporudi alikuwa na futi kamba. Nikamuuliza, "Unampima wa kumpakia?" Akasema, "Napima bafu, Mama. Natia vyuma vya kushikia." Kisha akasema, "Mwaka mzima ningekuwa mpakani, nachekea drafti." Basi. Hilo tu. Huyo ni mwana wa baba yake, ukimfungua ndani kuna magurudumu mengi lakini nje husikii kitu.

Barabara ya mpakani itachimbwa na mwingine. Yeye yuko chumba cha nyuma, analala miguu ikiwa nje ya kitanda. Sikumwomba msamaha kwa mdomo. Nilimwekea chai, na nilimwachia kikombe cha Babu yake mzaa baba, ambacho hajawahi kukigusa tangu utoto. Alikielewa.

Ile sinia ya Babu yako ya kutengea vyombo vidogo vya saa, ile yenye vishimo, nimeitoa sandukuni nikaiweka mkono wake wa kushoto. Vidonge vya asubuhi shimo la kwanza, vya jioni la mwisho. Anavichukua mwenyewe. Anakiinua kidonge kwenye mwanga, anakitazama, kama mtu anayekagua kazi ya fundi mwingine, halafu anameza. Hilo halikuwa wazo langu wala lako. Nililiona nilipokuwa naongea na kibao. Kwa hiyo sitakisema vibaya tena, ila kengele usiirudishe.

Jana nilirudi kutoka hospitali na plasta hii. Babu yako alikuwa kwenye kiti, mwanaye pembeni. Akaniangalia mkono, akauangalia sana. Akanyoosha kidole cha kushoto akaigusa plasta, akasema, "Springi."

Nikamwambia, "Ndiyo, mume wangu. Ilikatika. Wameshaishika."

Akasema tena, akaipapasa.

Sasa wewe. Kile kipande chako chenye lebo ya kijani, kifute. Usikihifadhi pengine, usikipe jina jingine, kifute. Saa za basi unazijua. Jumamosi upande lile la asubuhi. Mjomba wako anasema umletee skrubu ndefu za ukutani, hizi za hapa ni fupi, chuma kinacheza, na mimi sitaki kitu kinachocheza bafuni mwangu. Simu ibaki mkobani. Ukiingia, usiniangalie mimi, usimwangalie Mjomba wako, nenda kakae upande wa kushoto wa Babu yako umpe mkono, ungoje aseme neno. Akisema, usiliandike. Mletee anachotaka. Ya kuandika yatakuja baada ya hapo.

Barua hii usiijibu. Njoo.

Bibi yako,
kwa mkono wa Kinyozi